Lipu ya Mbaruku

Mbaruku alipokufa, watu wa Mtua hawakusema ameacha mjane wala ameacha mama. Walisema ameacha lipu. Waliotoka makaburini walipita kwenye nyumba yake wakaupapasa ukuta, na wengine waliugonga kwa vidole wakatikisa vichwa kwa kusifu. Nyumba ya miti na udongo iliyovaa simenti ndani na nje, ya kijivu, laini, bila ufa! Kutoka hapo mpaka Nachingwea mjini usingeiona ya pili, ukiondoa zile za Wazungu wa karanga, na hao walikuwa wamekwisha kufunga virago.

Simenti yenyewe aliipata kwenye mradi huohuo wa karanga. Alikoroga zege miaka minne, na mradi ulipofungwa akanunua kwa bei ya kutupa mifuko minane iliyokwisha anza kuganda pembeni, akaisukuma mmoja mmoja kwa baiskeli mpaka nyumbani. Aliponda mabonge kwa mchi wa mke wake, akachekecha kwa chandarua kibovu, akapiga lipu peke yake kiangazi kizima. Alimaliza Oktoba ya mwaka wa hamsini na mbili. Novemba homa ikamshika siku ya Jumatatu, Alhamisi wakamzika.

Ndani ya lipu hiyo walibaki wanawake wawili. Zaina, mjane, alikuwa edani. Miezi minne na siku kumi asitoke nje ya ua, asijipake mafuta mazuri, asikae kuzungumza na mwanamume asiye maharimu wake. Bi Mwanawetu, mama wa marehemu, alikuwa hana eda, lakini naye hatoki. Alikuwa ametandika mkeka wake chini ya ukuta wa chumba cha Zaina, ukuta wa upande wa mvua, na hapo alishinda.

Mvua zilianza Desemba. Ukuta ulianza kusema Januari.

Siku ya kwanza Zaina alidhani ni panya. Ilikuwa saa sita mchana, jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi, yeye anachambua kunde. Akasikia kitu kinamwagika taratibu ndani ya ukuta, kama mtu anayemimina mtama kwenye ungo. Kikanyamaza. Kisha kukagongwa kama kwa vidole viwili, ta, ta, na kumiminika kukaanza tena, chini kidogo kuliko mwanzo. Zaina akaacha kunde mkononi. Alipogeuka akamwona mama mkwe wake amekaa wima, uso umemchanua kama wa bibi harusi.

"Umesikia?" aliuliza Bi Mwanawetu.

"Panya, Mama."

"Panya hawagongi hodi."

Tangu siku hiyo kikongwe alikuwa na shughuli. Asubuhi akiamka huusalimu ukuta kabla ya kumsalimu mkwewe. Huweka sikio kwenye simenti ya baridi, akafumba macho, akasikiliza, akajibu. Habari za shamba, habari za mbuzi wa jirani, habari za mguu wake. Mara nyingine alicheka kidogo, na hicho ndicho kilichomtisha Zaina kuliko mengine yote, maana alicheka mahali hasa ambapo mtu angecheka kama angekuwa amesimuliwa jambo.

Akaanza kuweka unga. Unga wa mtama, alioumimina kwa ncha za vidole chini ya ukuta ukasimama kama kichuguu kidogo, hivyo hivyo walivyokuwa wakifanya wazee wake chini ya mti walipotaka kusema na waliotangulia. Alikuwa Mwislamu tangu utoto na swala hazikumpita. Ila alisema Mungu ni wa wote na mwana ni wake. Unga ukilala bila kubomoka, mzimu umekubali. Huu haukulala wala haukubomoka. Ulikwisha. Kila asubuhi pale chini palikuwa pamefagiwa safi, hata chembe hakuna.

"Anakula," alisema Bi Mwanawetu. "Alikufa na njaa, mwanangu. Siku tatu hakuonja uji."

Zaina alikuwa mwanamke mwenye akili zake, lakini jaribu wewe kukaa ndani siku sitini na mtu anayesema hivyo, halafu ukutani kugongwe ta, ta.

*

Fundi Eustakio alikuja kufuata mwiko wake. Alikuwa mwashi aliyefunzwa misheni ya Mnero, mtu mfupi wa maneno machache, na walifanya kazi pamoja na marehemu kwenye nyumba za mradi. Alisimama nje, nyuma ya nyumba, akapiga hodi kwa adabu.

"Mimi Eustakio, dada. Nilikuwapo mazishini. Kuna mwiko nilimwazima Mbaruku, naomba radhi kuudai."

"Niko edani, kaka," Zaina alijibu kutoka ndani. "Umechomekwa kwenye makuti, juu ya mlango wa uani. Jichukulie, Mungu akulipe kwa kungoja."

Alimsikia akiuchomoa. Alimsikia akienda hatua tatu, akasimama. Kisha akasikia kishikio cha mwiko kinagonga ukuta kutoka nje: hapa, kikasogea, pale, kikasogea. Mahali pengine kilitoa sauti ya kitu kigumu. Kilipofika upande wa mvua kikatoa sauti nyingine, nene, ya mtungi mtupu. Bi Mwanawetu akasimama juu ya mkeka, mkono kifuani.

"Dada," sauti ya Eustakio ikaja hafifu, imepita kwenye simenti mbili. "Upo hapa upande wa pili?"

"Nipo."

"Hebu gonga na wewe."

Zaina akagonga kwa vidole. Ndani ya ukuta, baina ya vidole vyake na mwiko wa yule fundi, kitu kikaporomoka kwa muda mrefu, kikaenda chini, kikatua.

Eustakio alisema akiwa amekaribiza mdomo ukutani ili asipige kelele za majirani kusikia.

"Nilimwambia. Nilimwambia, Mbaruku, simenti ni ya tofali na mawe. Udongo hunywa maji masika na kuyatema kiangazi. Ukiuvika simenti utakunywa kwa juu, na pa kutemea hapatakuwapo. Ukilowa hivyo, mchwa wanakuja. Simenti hawaili, lakini wamepata nyumba yenye giza na unyevu, na fito za kula. Huko ndani sasa nadhani hakuna ukuta. Kuna maganda mawili yamesimama."

"Yeye alikujibuje?"

"Alicheka. Akasema, Wazungu wamekaa hapa miaka minne, wakang'oa msitu wote, wameondoka wametuachia visiki. Mimi nataka kibaki kitu kwangu."

Zaina aliijua sauti hiyo hiyo ya mume wake, hata maneno yalivyopangwa. Naye alikuwa amemwonya, siku ile Mbaruku alipochukua mchi. Alimwambia, mume wangu, kazi ya kusiriba nyumba ni ya wanawake, na sisi tunaujua udongo wake. Akaambiwa ndiyo maana nyumba zetu zinasiribwa kila mwaka.

"Hata chokaa ingekuwa afadhali?" aliuliza.

"Afadhali kidogo. Chokaa na mchanga huacha ukuta upumue. Lakini sisi wenyewe Mnero nyumba ya miti hatuigusi kwa chokaa mpaka udongo uwe mzuri. Udongo wa kichuguu, dada, na mchanga wa mtoni, na majani makavu yaliyokatwakatwa. Uoze siku tatu. Mama zetu hawakuwa wajinga." Akagonga tena, taratibu. "Nguzo za pembeni ni mpingo, mchwa hawaziwezi, paa halitakuja. Kitakachokuja ni hili ganda la ndani. Ni zito. Likija zima likamkuta mtu, basi. Inafaa libanduliwe kabla halijajibandua. Kuanzia juu, ubavuni, mtu asisimame mbele. Ningefanya mwenyewe leo, lakini siwezi kuingia nyumba ya eda bila wenyewe kuniita. Mwambieni kaka yake aniite."

"Nitamtumia habari."

"Na wewe usilale karibu nao."

Aliondoka. Zaina alipogeuka alimkuta mama mkwe wake ameketi tena, machozi yanamtiririka na anatabasamu.

"Mimi siku zote ananiambia maneno mawili matatu," alisema Bi Mwanawetu. "Wewe amekusimulia."

"Mama, yule ni fundi wa Mnero. Amefuata mwiko."

"Mwanangu, sauti ilitoka humu," alisema kikongwe, akaupigapiga ukuta kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni.

*

Swalehe, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mshona nguo Ruangwa, barazani kwa duka la Mhindi, na huko aliheshimika kwa kanzu zake na kwa kujua aya. Habari ya kuitwa kwa fundi ilimfikia siku moja na habari nyingine, ile inayokwenda mbio zaidi. Akapanda baiskeli kilomita zote zile kwenye matope, akaingia amelowa, akakataa maji ya kunywa.

"Shemeji," alisema, amesimama mlangoni mwa chumba, macho hayamtazami. "Nimesikia umezungumza na mwanamume. Tena Mkristo. Ukutani."

"Nilikuwa ndani, yeye nje. Alifuata mwiko wake."

"Mwiko hauna mazungumzo ya nusu saa. Mama, ulikuwapo. Ulisikia sauti ya nani?"

"Ya mwanangu," alisema Bi Mwanawetu.

Swalehe alikuja na shitaka la mwanamume akapewa shahidi wa maiti. Ndipo alipouona unga. Aliutazama, akatazama nje kama kuna mtu anayechungulia, kisha akausambaza kwa unyayo wake wenye matope. Zaina aliona aibu, ingawa unga haukuwa wake. Aliona aibu kwa ajili ya kikongwe, ambaye aliinama papo hapo akaanza kuukusanya kwa kiganja, ukiwa umechanganyika na tope.

"Fundi anasema ganda la ndani litaanguka," Zaina alisema. "Inafaa libanduliwe, tusiribe kwa udongo."

"Kwa udongo!" Swalehe alicheka. "Hii ndiyo nyumba pekee ya simenti Mtua. Watu wanatoka Ruangwa wananiambia, tumepita kwa marehemu ndugu yako, tumeona lipu. Leo nikaibandue nipake matope? Simenti haianguki, shemeji. Ungesema ni nyumba ya udongo ina hatari, ningemwendea mwalimu wa msikitini, akakupa ruhusa ukamalizie eda pengine, sheria inaruhusu. Nikamwambie nini? Kwamba nyumba ya simenti inakuogopesha?"

"Gonga mwenyewe usikie."

Hakugonga. Mimi nasema aliogopa, na nasema pia kwamba alimpenda ndugu yake, na mtu mwenye hofu na msiba kwa pamoja hutafuta wa kumkemea. Alisogeza kitanda, ambacho Zaina alikuwa amekivuta katikati ya chumba, akakirudisha ukutani mwenyewe kwa mikono yake.

"Utalala alipolala mume wako. Na ukibandua hata kipande cha ukubwa wa kucha, eda yako utaimalizia kwenu Naipanga, na watu nitawaambia kwa nini. Nitarudi Ijumaa ya pili."

Naipanga kwao Zaina hapakuwa mbali, ila kurudishwa kabla ya siku kutimia ni jina ambalo mwanamke halivui. Miaka mitatu ya ndoa hakujaliwa mtoto. Alikuwa na nini kingine katika nyumba ile ila kumaliza eda yake vizuri, na watu waseme amemstahi mumewe? Hakukivuta tena kitanda. Alilala chini, upande wa mlangoni, na kitanda akakiacha kitupu.

*

Mvua ya Februari ilikuwa ya kushinda. Ukuta ukazidi kusema. Sasa haukungoja jua. Ulimiminika asubuhi, ukagonga adhuhuri, na alasiri ulitoa mlio mwembamba, wa kutafuna, ambao ukiutega sikio unapotea na ukiuacha unarudi. Katikati ya ukuta, kimo cha kifua, lipu ilianza kuvimba. Haikupasuka. Iliota tumbo, laini, la kijivu, linang'aa kwa jasho.

Bi Mwanawetu alilipapasa tumbo hilo kila siku. Siku moja alichelewa sana sikio likiwa ukutani, na alipoliondoa uso wake ulikuwa umebadilika.

"Anasema utoke," alisema.

"Nani?"

"Wewe. Anasema, mwambie Zaina atoke."

Zaina alihisi damu inampanda. Siku zote alikuwa amemvumilia, amempikia, amemwosha mguu. Kumbe! Mtoto na mama lao moja. Yule anamtisha kwa Naipanga, huyu anamtoa kwa kinywa cha maiti.

"Swalehe amekufundisha maneno hayo?"

"Swalehe yuko Ruangwa."

"Mama, unataka niivunje eda! Nikikanyaga nje tu mtasema Zaina hakumstahi Mbaruku. Kama mnaitaka nyumba, semeni mnaitaka nyumba. Msimtie mdomoni mtu aliyekufa."

Kikongwe alimtazama kwa mshangao wa kweli, wala hakukasirika. "Nyumba naitakia nini, mkwe wangu? Mimi nina siku ngapi?" Akageuka, akauuliza ukuta kwa sauti ya chini, akasikiliza. "Anarudia hilo hilo. Utoke."

"Na wewe je? Hasemi utoke?"

"Mimi ananitaka nikae."

Usemi huo ulimtoa Zaina hasira kama maji yanavyozima makaa. Alisimama akaenda mpaka ukutani, kwa mara ya kwanza tangu fundi aondoke, akaweka kiganja kwenye tumbo la lipu. Ilikuwa baridi, na mbichi. Akabonyeza kidogo. Ukuta ukaenda ndani. Akaachia, ukarudi, ukamsukuma kiganja, na kutoka kwenye ufa wa juu, karibu na makuti, ikatoka pumzi yenye harufu ya kaburi lililofunguliwa.

Akaondoa mkono. Mkeka wa Bi Mwanawetu ulikuwa chini yake hasa. Zaina alijua wakati huo, bila ya fundi na bila ya mzimu, kwamba mwanamke huyu atakufa hapo, amekaa, sikio limetegwa, akimngojea mwanawe aseme neno jingine; na kwamba kumwokoa kutamgharimu yeye hadhi yake yote. Alikaa chini akalia kwa hasira, maana hakutaka kuchagua, na hakuna aliyemwuliza kama anataka.

Kesho yake alimwita Fatu, jirani, akazungumza naye kwenye mlango wa ua.

"Niletee udongo wa kichuguu. Si ule mwekundu wa njiani, huo hupasuka. Vikapu sita. Na mchanga wa mtoni vitatu, uuoshe. Na majani makavu."

"Unataka kusiriba nini, dada, na wewe una simenti?"

"Lete tu, Fatu."

Waliuloweka kwenye shimo la uani, akaukanyaga Fatu peke yake huku Zaina akimwelekeza, mchanga ongeza, maji punguza, mpaka bonge likiviringwa mkononi halishiki vidole wala halivunjiki. Siku tatu ukaoza, ukatoa harufu yake ya uchachu. Siku ya nne ilikuwa Jumatano. Swalehe angekuja Ijumaa.

Niseme mapema habari ya Swalehe, tumalizane naye. Alipokuja Ijumaa hiyo alisimama mbele ya ukuta, akaingiza mkono kwenye uwazi mpaka begani, akautoa, akautazama mkono wake. Akaenda kumwita Eustakio mwenyewe, kwa miguu, mpaka Mnero, na habari ya Naipanga hakuitaja tena. Lakini siku ile ya Jumatano Zaina hakuyajua hayo. Alijua kwamba akiinua jembe, amejifukuza.

*

Aliinua. Alikuwa amevuta kitanda, ameondoa mitungi, amepanda juu ya kinu ili afikie juu, ubavuni, kama alivyoelekezwa. Mvua ilikuwa imekatika na nje palikuwa na kimya kile cha maji yanayodondoka. Bi Mwanawetu akainuka mkekani, akaja akasimama katikati, mgongo umegusa tumbo la lipu, mikono ameitandaza.

"Mama, sogea."

"Mwanangu yumo."

"Sogea, Mama, litakuangukia."

"Alikwisha kufa mara moja kwa homa, na nyie mkanishika mikono mkasema ni kazi ya Mungu. Leo mmuue kwa jembe nikiona?"

Zaina alishuka kutoka kwenye kinu. Nyuma ya mgongo wa kikongwe vitu vilimiminika, vingi, vikaendelea kumiminika. Angeweza kumvuta kwa nguvu. Alikuwa mwepesi kama kuku. Lakini aliona macho yake, na akajua kwamba akimvuta, atakuwa ameokoa mwili tu. Akalaza jembe sakafuni.

"Basi muulize," alisema.

"Nimwulize nini?"

"Muulize kama anataka tumfungulie au tumwache. Atakavyosema, mimi nitafuata. Wallahi nitafuata."

Alikuwa ameapa, na alijua uzito wa alichoapa. Bi Mwanawetu aligeuka polepole. Akaweka sikio pale pale, kwenye tumbo la ukuta. Akafumba macho. Kumiminika kukakoma. Mlio wa kutafuna ukakoma. Zaina hakusikia chochote, hata maji ya nje hakuyasikia. Na hakuwahi, mpaka uzee wake, kuweza kueleza ule ukimya, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba si ukimya wa kitu kisichokuwapo.

Midomo ya kikongwe ilitikisika. Akaitikia, "Eeh." Akaitikia tena, "Eeh, mwanangu." Kisha akaondoka ukutani mwenyewe, akaja ubavuni, akanyoosha mkono.

"Anasema nianze mimi."

Zaina akampa jembe, akamshika kiuno kwa nyuma asianguke. Bi Mwanawetu alipiga mara moja, pigo dogo la mtu wa miaka sabini, juu ya ufa. Zaina alimvuta mlangoni. Ukuta ulikaa kwanza, kama unaofikiri. Halafu ganda lote la ndani, kutoka makutini mpaka sakafuni, likajiinamia mbele zima, bila haraka, likalala juu ya mkeka wa kikongwe kwa kishindo kilichotikisa mitungi ya uani.

Vumbi halikuwapo, palikuwa na unyevu tu, na harufu. Walipokaribia waliona mahali palipokuwa ukuta. Hapakuwa na udongo. Hapakuwa na fito. Palikuwa na uwazi mweusi, kimo cha mtu na upana wa mtu, na mchwa wasiohesabika, weupe, wakikimbia mwanga kuingia ardhini. Chini kabisa, kwenye mashimo yao, palikuwa pamepangwa vibonge vya unga wa mtama.

Bi Mwanawetu aliingiza kichwa. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu. Akapapasa kwa mkono upande wa pili, nyuma ya lipu ya nje, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Akatoa kichwa, utando na udongo kwenye nywele zake nyeupe.

"Kumbe amekufa," alisema.

Akakaa chini juu ya simenti iliyovunjika, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Lilikuwa yowe la siku ya kwanza, lile ambalo Novemba halikutoka, na lilikwenda mbali. Watu waliacha majembe shambani. Wanawake walikuja mbio kwenye matope, wamejifunga kanga viunoni, wakajaa uani, na Fatu aliyekuwa mbele akapaza sauti kwenye mlango wa uani.

"Kuna nini humo ndani? Nani amekufa?"

Zaina alikuwa amepiga magoti, amemkumbatia mama mkwe wake, nguo nyeupe za eda zimekuwa tope tupu. Alijibu kwa nguvu, ili na wa nyuma kabisa asikie.

"Mbaruku."

Fatu akavua viatu, akaingia, na wengine wakavua wakamfuata.